Picha Isiyopangwa

Kwenye shuka jeupe nililolitundika ukutani kuonyeshea picha, mikono ya kaka yangu Merv ilionekana mikubwa kuliko mlango. Wageni wote katika banda la kunyolea kondoo wakaweka uma chini. Nyuma kabisa mtu aliendelea kutafuna nyama, na sote tulimsikia.

Asubuhi ya siku ile, siku ya harusi yake, Darcy, mtoto wa Merv, aliniambia, "Ba'mdogo, usitupange mstari kama ng'ombe wa mnada. Piga kinachotokea."

Ndiyo kazi pekee ninayoijua. Shule niliacha mapema, nikalipigia gazeti la wilaya picha za moto, mafuriko na ajali. Sijawahi kumwambia maiti atabasamu. Gazeti lilipokufa nikahamia harusi, na sharti likabaki lile lile: simpangi mtu, na wakati wa chakula naonyesha picha zote za siku hiyo, kama zilivyofuatana.

"Nev atawapiga picha mkijikuna," Merv aliwaonya wageni, akininyooshea kidole.

Darcy alikuwa ameacha kazi ya mgodini. Alimleta bibi harusi wake, Tegan, kutoka mjini Adelaide, wajenge nyuma ya kisima, walishike shamba la babu. Mahali pa nyumba palishapigiliwa vigingi.

Alasiri, nyuma ya banda, nilimwona Merv akimkabidhi kitu jirani yetu Colin Haddrick. Mwanga ulikuwa mzuri. Nikapiga picha, nikaenda zangu. Nilidhani ni mambo ya wazee.

Jioni, pale shukani, kila mtu alikiona: kibati kilichotobolewa jina la shamba letu, tunachokitumia kupiga jina hilo kwa rangi juu ya marobota ya sufu. Kwetu kibati hakiazimwi. Kinakwenda na ardhi.

Darcy alisimama, ua bado kifuani. "Baba, umeuza?"

"Kaa, mwanangu. Tule kwanza."

"Nimekuuliza, umeuza?"

"Ukame huu wote..." Merv aliangalia sahani yake. "Ningekuambia Jumatatu."

Tegan alicheka kicheko kifupi, kama mtu aliyepaliwa. "Vigingi tumepigilia Alhamisi, mzee. Wewe ndiye uliyetushikia kamba."

Kesho yake nilikwenda kusaidia kukunja viti. Merv alifanya kazi bila kuinua kichwa.

"Ungewapanga mstari kama wapiga picha wenzako, Nev. Nilitaka apate siku moja tu."

"Mimi sikuuza kitu."

"Wala hukubaki ukalima."

Tangu siku hiyo hajanisemesha. Tegan alirudi Adelaide kabla mvua haijanyesha. Darcy alibaki, maana Haddrick alihitaji kibarua anayelijua shamba.

Msimu uliopita nilisimamisha gari barabarani, kando ya shamba. Darcy alikuwa anakaza waya wa uzio, jua limemchoma shingo, kondoo wamemzunguka. Nikainua kamera.

"Hapa ni kwa watu, ba'mdogo," alisema, bila kugeuka. "Kaombe ruhusa nyumbani kwa mzee Haddrick."