Picha ya Kwenye Fulana

Kilio kilianzia barabarani, kabla wenye kulia hawajafika uani. Mayala alikuwa ameketi kwenye rundo lake la mawe pale Buhongwa, anavunja kokoto, na alichowaza kwanza ni kuwahurumia majirani: nani tena kafiwa Jumamosi asubuhi? Kisha mlango wa mabati ukasukumwa, akaingia Kabula, shangazi wa mke wake, kutoka Kisesa, kitenge kakikaza kiunoni, mikono kichwani. Nyuma yake walifuata wanawake watatu na mzee Ngosha, mzigo wa kuni begani, kama watu wa kwao wanavyokwenda msibani.

"Dorotea mwanangu weee! Umetuacha na nani?"

Nyundo ilimponyoka Mayala.

"Shikamoo, shangazi. Dorotea yupo."

"Yupo mochwari ipi, mkwe wangu?"

"Yupo ndani. Anakunywa uji."

Shangazi akaishusha mikono kichwani. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akamwonyesha. Kwenye picha alikuwapo Precious, mdogo wake Dorotea, analia langoni mwa Mlima Kilimanjaro, na kifuani pa fulana yake nyeupe Dorotea anatabasamu. Maneno ya chini yalikuwa yamekatwa na mtu fulani njiani, simu hadi simu.

Maneno yenyewe yalisema: Tunapanda kwa ajili ya Dorotea. Precious ni mwalimu, na alikwenda na walimu wenzake kupanda mlima ili watu wawachangie wanawake wenye saratani ya matiti, wale wanaokatisha matibabu kwa kukosa nauli na dawa. Dada yake alikuwa mmoja wao. Katika dripu sita za dawa ya saratani alikuwa amepata mbili, kisha miezi ikapita. Sasa mchango wa kwanza ulikuwa umefika, na dripu ya tatu ilikuwa Jumatatu. Lakini huku kwao fulana yenye picha ya mtu huvaliwa siku moja tu, siku ya kumzika. Precious hakulifikiria hilo. Mayala naye hakulifikiria.

Dorotea akatokea mlangoni, khanga kichwani pasipo na nywele.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi Kabula alirudi nyuma hatua moja kabla ya kuitikia. "Marahaba... marahaba, mwanangu."

Mzee Ngosha akautua mzigo wake chini, kishindo kikasikika, akamgeukia Dorotea.

"Sasa mimi nifanyeje? Kuni za msiba hazirudi nyumbani. Nimezitoa Kisesa kwa bega hili! Mama Yeremia, tuchemshie chai, la sivyo nitakudai bega."

Wakacheka. Dorotea alicheka kuliko wote, mpaka akashika ubavu. Kuni zikawashwa, chai ikanywewa, unga waliokuja nao ukasongwa ugali, na shangazi akasimulia jinsi alivyomgombeza kondakta asiyeheshimu wafiwa. Walipoondoka alasiri, Mayala alishusha pumzi. Alidhani yamekwisha.

Dorotea alibaki kwenye mkeka, anatazama makaa.

"Hawakuuliza," alisema.

"Hawakuuliza nini?"

"Nimekufaje. Mtu akisikia msiba huuliza, ilikuwaje, lini, mbona juzi alikuwa mzima? Wao wamekata kuni wakaja."

"Walishtuka, mama Yeremia. Wanakupenda."

"Wananipenda, ndiyo. Kushtuka, hapana." Akageuka kumtazama. "Ile picha ya fulana ulimpa Precious wewe. Ulikuwa umeiweka wapi?"

Mayala aliokota nyundo, akaiweka chini tena. Picha ilipigwa kwenye harusi ya kaka yake, Dorotea akiwa na kitenge cha kijani. Mwezi wa tatu, wiki ile daktari alipomwita pembeni, aliipeleka studio ikakuzwa, akaitia kwenye bahasha, akaificha chini ya sanduku. Hakujiambia ni ya nini. Precious alipopiga simu kuomba picha nzuri ya dada, hakuhangaika kutafuta.

"Ilikuwapo tu," alisema.

Dorotea aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyejibiwa sawasawa.

Simu ikalia. Sauti ya Precious ilikuja ikipeperushwa na upepo. "Shemeji! Tumefika kambi ya mwisho! Kichwa kinapasuka lakini kesho nafika! Mpe dada, nimsalimie!"

Mayala akainyoosha simu. Mke wake hakuipokea.

"Mwambie afike," alisema Dorotea. "Asiteseke hivyo halafu ashuke bure. Wapo wengine wanaoisubiri hiyo nauli." Akasogeza ukuni mmoja uliobaki, akauweka vizuri kwenye makaa. "Lakini Jumatatu, baba Yeremia, usiniamshe kwenda hospitali."

"Shemeji?" Precious aliita. "Haloo? Dada yupo?"

Mayala alifungua mdomo. Ukuni ulishika moto, na yeye bado amesimama, simu mkononi.