Nani Ataingia na Babu

Kikao cha ukoo kilifunguliwa rasmi kwa pai ya ndimu, nyumbani kwa babu yangu Thaddeus, katika mji wa Vero Beach. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni kwa likizo, na kwa kuwa hakuna aliyegombea, nilijiteua mwenyekiti.

Hoja ilikuwa mkono wa Babu. Ulianza kutetemeka Bibi alipofariki, naye huuficha mfukoni. Mama alitaka Babu alipie ada ya uanachama kwa Daktari Lindqvist, anayehudumia wagonjwa wachache tu wanaolipa hivyo, na huwapa namba yake mwenyewe ya simu. Mama mdogo Corinne alimtaka Bi Pruitt, nesi mstaafu asiyefungamana na hospitali yoyote. Huyo hatibu, bali hukutafutia daktari bingwa, hugombana na watu wa bima kwa niaba yako, na hukusindikiza mpaka ndani kwa daktari. Walibishana mpaka pai ikaisha, nami nilichangia sana katika kuimaliza.

Kisha, kwa masilahi ya ukoo, nikampigia Daktari Lindqvist kumjaribu, kwa namba aliyokuwa nayo Mama na kwa sauti nzito. Nikasema mimi ni kanali mstaafu, nimemeza kifungo cha sare. Alikuwa amepokea mara moja, na sasa akauliza kwa upole kama kifungo ni cha shaba.

Babu akacheka, akanipokonya simu. “Huyo ni mjukuu wangu, Daktari, msamehe. Nikienda kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, utaingia na mimi?”

Daktari alijibu kiungwana kwamba atamtafutia nafasi upesi na kuzungumza na bingwa, ila kuingia naye hataweza. Babu alimshukuru, akakata.

“Mimi nikiingia peke yangu naitikia tu,” aliwaambia binti zake. “Nikifika kwenye gari nimeshasahau. Aliyekuwa akiuliza ni mama yenu.”

Mama akamwambia Corinne ampigie Bi Pruitt.

Basi siku ya miadi Bi Pruitt akaingia naye kwa bingwa, nami nikafuata. Bingwa alipouliza hali, Babu akasema hajambo kabisa. Bi Pruitt akamwomba autoe mkono mfukoni. Akauliza kuhusu dawa, usingizi, kuendesha gari, kisha akamrudishia Babu kila jibu kwa maneno mepesi mpaka akaweza kuyasema mwenyewe.

Kwenye gari Babu alikaa bila kuliwasha.

“Leo nakumbuka yote,” alisema. “Sasa nimpelekee nani nyumbani, na bibi yako hayupo?”

Nilitafuta mzaha, nikaukosa. “Niambie mimi, Babu.”

“Wewe utacheka.”

“Nitajikaza.”

Akaanza kunieleza, taratibu, kama anayemweleza Bibi.