Marahaba ya Bi Mwasiti

Asubuhi ya kupunguza watu, Abdulatif alifika kiwandani mapema, akapanga viti viwili, akaweka mezani chupa ya maji na boksi la tishu. Ndivyo alivyofundishwa kwenye semina kule Dodoma: ita mmoja mmoja, sema kwa kifupi, usiombe radhi, sogeza tishu. Alikuwa afisa utumishi wa kiwanda cha kufungasha dagaa pale Kibirizi, na waliokuwa wakisubiri nje kwenye benchi walikuwa akina mama watupu, wote wamemzidi umri, wamevaa aproni na mabuti ya mpira. Mkurugenzi alisema mashine ya kuchambua dagaa iko njiani, kwa hiyo mikono yao haihitajiki tena.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bi Mwasiti wa Buzebazeba, msimamizi wa chanja ya mwisho, ile ya karibu na ziwa, dagaa wanakoanikwa. Huyu ndiye aliyekuwa akimburuta Abdulatif madrasa kwa sikio, maana alikuwa shoga wa mama yake na nyumba zao zilitazamana.

"Shikamoo, mama," alisema Abdulatif, kwa sababu kalelewa.

Bi Mwasiti alimtazama. Akaitazama na ile tishu.

"Maliza ulichoniitia," alisema.

Basi ile shikamoo ikabaki. Tusidanganyane, shikamoo isiyoitikiwa haiendi popote. Wengi hawalijui hilo kwa kuwa ni nadra kumpata mtu mwenye roho ngumu ya kuiacha hivihivi. Ilibaki pale juu ya meza, usawa wa midomo, kwa sauti ya Abdulatif mwenyewe, na kila baada ya kitambo ilijirudia: shikamoo, mama. Bi Mwasiti aliambiwa aliyoambiwa, akatoka bila kugusa tishu. Walioingia baada yake nao waliamkiwa, wakaisikia ile ya kwanza, wakaelewa, na wote wakafunga midomo. Kufika mchana ofisi nzima ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki.

Aliitwa fundi umeme. Akazima feni, akasikiliza.

"Bosi, hii siyo feni. Hizi ni shikamoo. Mimi kazi yangu ni nyaya," alisema, akaomba hela ya bodaboda, akaenda zake.

Kesho yake shikamoo zilikuwa zimetoka ofisini. Kila moja ilikwenda kusimama mahali pa kazi pa mtu wake. Nyingine kwenye meza za kuchambulia, nyingine kwenye mizani, ya Bi Mwasiti kule mwisho kwenye chanja yake. Wapakizi walizikwepa wakipita na matoroli, kazi ikaendelea.

Mashine haikuja. Wiki ileile wakaingizwa mabinti kwa geti la nyuma, vibarua wa kulipwa jioni kwa jioni, wakapewa kazi zilezile na aproni zilezile, hata hazijafuliwa. Hapo ndipo aibu ilipoanza. Wema, binti wa Mwamgongo ambaye hata miaka ishirini hajafikisha, aliinama kugeuza dagaa kwenye chanja ya Bi Mwasiti, akaamkiwa na sauti ya mwanaume mzima.

"Jamani, mbona mnanizeesha?" alilalamika.

Alijaribu kuitikia ili inyamaze. Wapi! Haikuwa yake.

Siku moja alikuja mkaguzi wa kazi wa serikali. Hakuwa na haja ya kuuliza maswali, kwa kuwa kila alipopita alisikia nafasi ya nani imekaliwa na nani.

"Nasikia hizi nafasi zimefutwa," alisema.

"Zimefutwa kabisa," alijibu mkurugenzi.

"Shikamoo, mama," ilisema chanja, na Wema akainamisha kichwa.

Mkaguzi alifungiwa kiroba cha dagaa wasafi, wasio na mchanga. Akiondoka alisifu kwamba kiwanda kina adabu. Adabu! Mtu mzima na akili zake, akatamka hivyo na dagaa wamo kwapani.

Nyumbani nako kulikuwa na lake. Tangu siku ile Abdulatif hakuwa na shikamoo nyingine kinywani, zote zilibaki kiwandani zikingoja kuitikiwa. Mama yake, Bi Hadija, alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imemvimba, na kila asubuhi alikaa barazani akingoja kuamkiwa kama alivyozoea. Abdulatif alifungua mdomo, ikatoka hewa. Assalaam alaykum ilitoka, mama akaitikia, kisha akaendelea kungoja ile nyingine.

"Umeamkaje, mama?"

"Ndiyo unavyoniamkia mimi? Mimi niliyekuzaa, Abdu?"

Jioni Abdulatif alivuka barabara na kilo mbili za sukari. Bi Mwasiti alikuwa uani anakaanga mihogo ya kuuza.

"Mama, naomba uniitikie tu."

"Nirudishe kazini."

"Halipo kwenye uwezo wangu."

"Basi na marahaba haipo kwenye uwezo wangu. Ngoja mashine ifike, itakuitikia. Na sukari yako ondoka nayo, inanuka ofisi."

Aliyekuja baada ya hapo alikuwa Bi Hadija mwenyewe, akijikokota kwa ile miguu yake. Alikaa kwenye kigoda, akahema mpaka pumzi ikarudi.

"Mwitikie mtoto, Mwasiti. Siyo kwa ajili yake. Sitaki kufa naamkiwa na mwanangu kama jirani."

Bi Mwasiti alipandwa na hasira mpaka mwiko ukamtoka mkononi. "Wamenimwaga kama maji ya kuoshea samaki, Hadija! Halafu mimi ndiye niwahurumie?" Alilia kwa uchungu, na Bi Hadija naye akalia, mihogo ikaungua. Asubuhi Bi Mwasiti alijitanda kanga akashika njia ya Kibirizi.

Getini alikuwepo Elia, mlinzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nifungulie."

"Waliopunguzwa hawaingii, mama."

"Sikuja kutafuta kazi. Nimekuja kuitikia shikamoo yangu."

"Nakuelewa kabisa. Lakini ni amri."

"Ya nani?"

"Ya Abdulatif."

Ni kweli, aliitoa mwenyewe mchana wa siku ile ya kupunguza watu. Nayo ilikuwa ya semina. Abdulatif alikuja mbio, akamwona mama wa watu amesimama juani, akakimbilia kwa mkurugenzi. Mkurugenzi hakuinua macho kwenye simu. Akiingia huyu leo, alisema, kesho watakuja wote kuitikia, na wakishaingia nani atawatoa? Tena wateja wa Kongo wanazipenda hizo salamu. Abdulatif angeweza kulisukuma lile geti kwa mkono wake, maana halikuwa na kufuli. Alirudi akasimama upande wa ndani.

"Haiwezekani, mama."

"Mama yako anakufa, Abdu."

"Najua."

Bi Mwasiti akavuta pumzi, akapaza sauti juu ya geti: "Marahaba!"

Haikufika. Chanja iko mbali, jenereta lilikuwa linaunguruma, na upepo ulikuwa unatoka ziwani. Marahaba ilianguka hapohapo getini, ikabaki. Ipo mpaka leo. Elia huizunguka akifungulia magari. Shikamoo inaita kule mwisho, marahaba inajibu huku mwanzo, na katikati zipo meza za vibarua ambao wamekwishazoea.

Bi Hadija alizikwa Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri. Asubuhi yake ya mwisho mwanawe alikuwa amemwuliza ameamkaje, naye hakujibu. Kiwanda kilipeleka pole na kiroba cha dagaa. Bi Mwasiti alikipokea mlangoni kwa niaba ya wafiwa, akakimwaga kwenye mtaro mbele ya waombolezaji.

Jumatatu Abdulatif aliripoti kazini. Alipanga viti viwili, akaweka chupa ya maji na boksi jipya la tishu, akamwita Wema aingie. Safari hii walikuwa wanapunguzwa mabinti, na mabinti hawaamkiwi.