Mfuko wa Sukari wa Darasa la Nne

Mfuko ulipopasuka nilikuwa nje ya dirisha la tatu, muhindi wa kuchoma mkononi, nimejiandaa kucheka. Dirisha hilo nililichagua kwa makusudi. Halina kioo tangu mvua ya mawe, na mtu akiegemea hapo anauona ubao, anamwona mwalimu, anaziona nyuso za watoto mia moja thelathini na saba zimebanana kama maharage yaliyoanikwa kwenye mkeka mdogo. Nilitaka kuona yote. Mzee wa umri wangu hapati burudani nyingi hapa Bwera, mpakani na Congo.

Basi niliona yote.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikaambiwa nimezeeka hata hadithi naanzia mkiani.

Naitwa Erifazi. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja, kwanza Kyondo, halafu hapa, bila kupita mlango wa chuo chochote. Kusoma nilijisomea. Hesabu nilijifunza kwenye mizani ya kahawa ya baba yangu, Kiingereza nilikiokota redioni. Siku iliposemwa kwamba kila mwalimu awe na karatasi, nilipewa saa ya ukutani na soda mbili, nikaambiwa asante. Saa ile inakimbia dakika kumi mbele. Sijairekebisha mpaka leo. Napenda kuwatangulia.

Hata hivyo shule haikuniacha kabisa. Kila mwaka, walimu wapya wanapoletwa kufanya mazoezi ya kufundisha, Madam Naome, mwalimu mkuu, hunitumia mtu. "Mzee Erifazi, njoo uwaandae hawa. Chuoni wameandaliwa kwa darasa la watoto arobaini. Waambie ukweli."

Ukweli! Mimi nilikuwa nawaambia kila kitu isipokuwa huo. Niliwaambia kuhusu mbuzi aliyefika darasa la tano kwa sababu alikuwa hapigi kelele, na katika mtihani akawashinda wawili. Niliwaambia kuhusu darasa lililojaa hadi nikawa naita majina nimekaa juu ya bati, najibiwa kupitia tundu la msumari. Walimu wa zamani walikuwa wanaacha kazi zao, wanakuja ofisini na chai, kama watu waliokuja harusini. Tulikuwa tunahesabu siku: huyu mpya atadumu ngapi? Mmoja alipanda gari la Kasese jioni ile ile, akasahau godoro. Ndilo ninalolalia.

Mwaka ninaousema walikuja wawili. Bright, kijana wa Rukoki, alikuwa anacheka kabla sijafika pa kuchekea. Mwenzake alikuwa Lakot.

Lakot kwao ni Gulu, kaskazini. Baba yake alikuwa mwanajeshi, akahamishiwa kambi ya Kasese, akafia huko, familia ikabaki. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, kimenyooka kama mtu anayepiga saluti. Hayo yalikuwa mazoezi yake ya tatu. Ya kwanza aliyakatisha kwa homa akiwa amebakiza wiki mbili. Ya pili, mto Nyamwamba ulifurika ukachukua darasa pamoja na daftari lake la maandalio. Chuo hakitoi mara ya nne.

"Hii ni ya mwisho, mzee," aliniambia tulipopeana mikono. "Nikianguka, hakuna ualimu."

Nilimwambia asiogope, yupo na mimi.

Nikaanza na tembo. Hiyo ndiyo hadithi yangu kubwa, huwa naiweka ya kwanza. Kwamba siku moja nikiwa Kyondo nafundisha kugawanya, tembo aliingiza mkonga dirishani, akaunyoosha juu, nami kwa mazoea nikamwambia, "Ndiyo, wewe wa nyuma, jibu." Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Bright akamwaga chai.

Lakot alikuwa anaandika. Akainua kichwa.

"Mwaka gani, mzee?"

"Nini?"

"Huyo tembo. Alikuja mwaka gani? Kyondo ni mlimani. Mbuga iko chini. Alipanda na njia gani?"

Hakuwa anacheka. Hakuwa ananidhihaki pia, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anataka kujua, ili aandike. Nikasema mwaka themanini na nane. Akaandika. Halafu akauliza, kwa heshima kabisa, "Na wewe ulisomea chuo gani, mzee?"

Kicheko kilichofuata sikuwahi kukisikia katika ofisi ile. Kilikuwa kikubwa kuliko cha tembo, na kilikuwa changu. Hata Madam Naome alijifunika mdomo kwa rejista.

Nilicheka nao. Nilirudi nyumbani nacheka. Mke wangu Evas aliniuliza mbona leo nacheka bila meno.

Siku tatu baadaye Lakot alikuja nyumbani kwangu. Alipiga magoti kumsalimia Evas, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, akakaa ukingoni mwa benchi. Daftari lilikuwa mapajani, limefungwa.

"Mzee, tembo tuwache. Nataka kitu ya kweli." Alikuwa amechoka, midomo imekauka kwa chaki. "Watoto ni mia na thelathini na saba. Mimi Lhukonzo, lugha ya hapa, sijui. Wale wa Congo wengine wamevuka wiki jana, wanajua Kifaransa kidogo, mimi hiyo pia sijui. Nikiingia, kelele inakula nusu ya somo. Mkaguzi wa chuo anakuja Alhamisi. Wewe ulikuwa unawanyamazisha namna gani?"

Hakuuliza mwaka. Alikuwa ameinama mbele kama mtu anayeota moto. Ninakiri, nilijisikia vizuri sana. Na hapo hapo nikajua nitakachompa.

Niliingia jikoni, nikamimina sukari ya Evas kwenye bakuli, nikarudi na mfuko mtupu. Ule wa karatasi ya kaki, wa kilo mbili.

"Hiki ndicho cheti changu," nikamwambia. "Unaingia. Husemi kitu. Unapuliza mpaka unajaa hivi, unashika mdomo wake, unauinua wote wauone. Halafu unapiga na kiganja. Paa! Darasa linakuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Katika kimya hicho unasema neno la kwanza la somo, polepole. Watakusikia mpaka mwisho."

Hilo halikuwa uongo. Nililibuni mwenyewe nikiwa kijana, likanilisha miaka mingi.

Lakot aliugeuza mfuko mikononi. "Na hawa wa Congo? Hawatashituka?"

"Hao?" Nikacheka. "Hao ndio watafurahi kuliko wote. Wamezoea makelele."

"Sisi kule Gulu tulikimbia vita miaka mingi," alisema. "Mimi sikuzoea."

"Wewe ni wewe, binti yangu. Hawa ni watoto wa siku hizi."

Akafungua daftari, akaandika. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Sasa niseme nililolijua, maana aliyetaka kuona yote aseme yote. Miaka minane kabla ya hapo, waliokimbia vita vya Beni, ng'ambo ya mpaka, walipoanza kujaa madarasani, niliupasua mfuko kama kawaida yangu, na mtoto mmoja aitwaye Hilaire alijikojolea akiwa amesimama, macho wazi. Hakutamka neno mpaka muhula ukaisha. Mama yake hakuja kunigombeza. Alikuja kuniuliza ni nini kilichompata. Nikamwambia malaria. Tangu siku hiyo sikupasua mfuko tena. Nilijua unafanya nini. Nilijua kuliko mtu yeyote wa chuo chochote.

Nilitaka aaibike kidogo tu. Ndivyo nilivyojiambia. Watoto kadhaa walie, mkaguzi akunje uso, na yule mwenye maswali ajue kwamba mambo mengine hayaandikwi daftarini.

Alhamisi asubuhi mkaguzi alikaa nyuma, mtu mrefu aitwaye Anselme, karatasi zake gotini. Lakot alikuwa amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi. Ubaoni alikuwa amechora ramani ya Kasese, nzuri, mito ya bluu, milima ya kahawia, na Kyondo aliiweka mahali pake, juu. Kelele ilikuwa kama mvua kwenye bati. Akatoa mfuko. Akaupuliza. Watoto wa mbele wakaanza kuonyeshana kwa vidole. Akauinua. Nikaumega muhindi wangu.

Paa.

Kimya kilikuja, kama nilivyomwahidi. Wa kwetu walifungua midomo kucheka. Lakini kicheko hakikutoka, kwa sababu wenzao hawakuwapo tena. Watoto kama thelathini walikuwa wameyeyuka kwenye viti. Hawakupiga kelele hata mmoja. Walishuka chini ya madawati kwa pamoja, tumbo chini, kama watu waliofundishwa, na walifundishwa kweli, ila si shuleni. Wa kwetu waliona hivyo, wakafikiri wenzao wamekufa. Ndipo zikaja kelele, ndipo ukaja mlango. Mlango wa darasa lile unapitisha mtoto mmoja na nusu. Walikanyagana hapo. Kuna mkono ulivunjika. Nilisikia sauti yake, ndogo, kama muhindi unapomegwa.

Lakot alibaki ameshika kipande cha kaki. Halafu akakitupa, akaruka juu ya madawati, akawa anawanyanyua mlangoni mmoja mmoja na kuwapitisha kwa Anselme, aliyekuwa amekimbilia hapo.

Chini ya dirisha langu alikuwepo msichana aitwaye Alliance. Miaka kumi. Mama yake, Consolée, aliuza mafuta ya mawese sokoni siku za Jumanne na Ijumaa. Alliance hakukimbia. Alikuwa amemvuta chini jirani yake wa dawati, kivulana mdogo wa kwetu, amemlalia, na kiganja chake kilikuwa kimemziba mdomo na pua. Alimziba asilie. Alimziba vizuri sana, kama mtu ambaye siku moja alichelewa kuziba.

Miguu ya kivulana ilikuwa inapiga sakafu. Halafu ikaacha.

Mimi nilikuwa umbali wa mkono mmoja. Muhindi ulikuwa bado mdomoni.

"Madame!" mtoto mmoja wa Congo alipiga kelele kutoka chini ya dawati. "Madame, mutoto iko nakufa!"

Lakot alikuja, akapiga magoti, akavuta ule mkono. Haukutoka. Akaanza kufungua kidole kimoja kimoja, akihesabu kwa sauti ya chini, ile sauti niliyomwambia aitumie. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika tano, kivulana alivuta pumzi, akatapika, akalia. Alliance alimkazia macho yule anayelia kwa hofu kubwa, akanyoosha mkono tena amzibe. Lakot akaushika mkono ule, akauweka shingoni mwake mwenyewe, akabaki hivyo sakafuni.

Anselme hakuwa mtu mbaya. Alisubiri watoto watoke, aliyevunjika apelekwe hospitali. Halafu akauliza, Madam Naome akiwa pembeni na mimi bado niko dirishani, "Mwalimu Lakot, nani alikufundisha jambo hili?"

Lakot aliinua macho. Yalikuja moja kwa moja dirishani, kwangu, kwenye muhindi wangu.

Nilingoja. Uongo wangu ulikuwa tayari. Huwa ninao tayari kila wakati.

"Hakuna mtu," alisema. "Mkono ulikuwa wangu."

Anselme akaandika. Madam Naome akanigeukia. "Mzee Erifazi, wewe ndiye uliwaandaa hawa. Ulimwambia kitu kama hiki?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi nawaambia hadithi za tembo tu."

Lakot alikung'uta gauni lake, akaenda kufuta ubao. Alianza na mito, akaishia na milima.

Mwaka mmoja ukapita. Alliance hakurudi darasani. Consolée alimweka karibu naye sokoni, nyuma ya madumu, na wanunuzi walizoea kwamba binti yule hajibu salamu. Mimi niliendelea kuitwa shuleni. Bright aliajiriwa, na tembo wangu anamsimulia vizuri kuliko mimi.

Siku moja nilikwenda Rukoki kumwona dada yangu, nikaona si vizuri kufika mikono mitupu. Niliingia duka la kwanza. Nyuma ya mizani alikuwa Lakot.

Ningeweza kutoka. Lakini alikuwa ameshaniona.

"Mzee Erifazi. Karibu. Nikupe nini?"

Kila kilichokuwa kwenye rafu kilinitoka kichwani isipokuwa kimoja. "Sukari," nikasema. "Kilo mbili, mwalimu."

"Mimi si mwalimu."

Aliuchukua mfuko wa kaki, akaufungua kwa vidole viwili bila kuupuliza, akamimina. Kijiko kilikuwa kinapanda na kushuka. Bila kuniangalia akauliza, "Alliance anaongea?"

"Anaongea!" Ilitoka yenyewe, tamu, imekamilika. "Anaongea mpaka mama yake anamwambia nyamaza. Juzi aliimba kanisani."

Kijiko kikasimama.

"Siku gani, mzee?"

Sikupata siku. Mimi, ambaye nina mwaka wa tembo, sikupata siku. Nje pikipiki ilipita, ikatoa ule mlio wa kukohoa. Lakot alisubiri jibu kama alivyosubiri ofisini, bila hasira, kalamu tu ndiyo haikuwepo. Halafu akaukunja mdomo wa mfuko, akaubana taratibu kutoka juu kwenda chini, hewa yote ikatoka, akaukunja tena, akaubana tena, mpaka ukawa mgumu kama tofali. Akanipa kwa mikono miwili.

Kwa dada yangu sikufika. Nilipanda gari la Bwera, mzigo mapajani.

Sukari Evas aliimaliza mwezi ule ule. Mfuko aliuona juu ya kabati, umekunjwa, akataka kuwashia moto. Nikamwambia auache. Akauliza wa nini, nikamdanganya. Ulikuwa uongo mzuri, wenye mkia na masikio, akacheka mpaka akakaa chini.