Kiti cha Getini

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha chupa ya chai kililia jikoni: kriii, kriii, kriii. Kikanyamaza kidogo, kisha kikalia kriii moja ya mwisho. Bibi alikuwa macho tayari, amejifunika shuka hadi kidevuni. Alijua ni mume wake. Hakuna mwingine aliyekuwa akikaza kifuniko kile halafu anakikaza tena, kana kwamba chai ingeweza kutoroka njiani.

Mume huyo walikuwa wamemzika msimu wa mvua uliopita.

Baada ya chupa ukafuata mlango. Aliuinua kidogo kwa kitasa ili usikwaruze sakafu ukamwamsha mkewe. Miaka yote ya ndoa yao aliuinua hivyo, na kufa hakukumfanya aache.

"Umesahau sweta," bibi alisema gizani, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kulipokucha aliingia jikoni. Chupa haikuwepo kwenye rafu. Sweta ya kijivu ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake. Bibi aliitazama, akatikisa kichwa, akachukua ufagio.

Chumba cha uani alikuwa amempangisha binti mmoja, fundi wa kamera za ulinzi. Mtaa mzima ulimwita Binti Waya kwa sababu hakupita bila mzingo wa waya begani. Kila asubuhi alijaza ndoo ya bibi kwanza ndipo akajaza yake, na hakuwahi kulitaja jambo hilo, wala bibi hakulitaja. Asubuhi ile simu yake iliita akiwa bado na mswaki mdomoni. Aliitwa kwenye ghala la magodoro, lile lile ambalo mume wa bibi alilinda geti lake hadi siku ya kufa. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, na tangu uliporudi mashine ya kamera ilikuwa inalia bila kukoma.

Binti Waya alikwenda. Jua lilipoanza kukaza alirudi, akamkuta bibi anachambua mchele.

"Bibi, vaa viatu twende. Nimemwona babu."

"Yuko wapi?"

"Kazini. Getini, kwenye kamera ya pili."

"Amevaa sweta?"

"Hapana."

"Nilijua tu," bibi alisema, akafunika mchele.

Ghalani mume huyo walimwita Mzee Saluti. Alimpigia saluti kila aliyeingia: lori, baiskeli, na siku moja mbuzi aliyepotea njia. Watu walimcheka kwa mapenzi. Siku ya maziko meneja alisimama mbele ya waombolezaji, akasema kwa upole kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila siku ya mwisho, bahati mbaya, alikutwa amelala lindoni. Watu waliinamisha vichwa. Tangu hapo bibi alitembea na maneno yale kama mtu mwenye kijiwe ndani ya kiatu. Alimjua mume wake. Alikuwa mtu wa kukesha hata kwa mtoto wa jirani anayeumwa.

Walipofika, geti lilikuwa wazi na mnyororo wake umekunjwa vizuri pembeni, mkunjo juu ya mkunjo. Getini hapakuwa na mtu. Dereva wa lori lililokuwa linatoka aliinua mkono kuelekea pale pasipo na mtu, akasema, "Tutaonana, mzee," akaondoka zake.

Ndani ya ghala magodoro yalikuwa yamepangwa hadi darini, yote ndani ya nailoni. Meneja aliwapokea vizuri ofisini mwake, maana hakuwa mtu wa maneno makali. Alivuta kiti kutoka ukutani.

"Karibu mama, kaa. Umetembea juani."

Bibi alikaa. Binti Waya alipiga magoti mbele ya kisanduku cheusi kilichokuwa chini ya meza, waya zikitoka nyuma yake kama mizizi ya kitunguu.

"Kelele zilikuwa za diski, bibi. Waya wake ulilegea, mashine ikawa haioni mahali pa kuhifadhi picha. Huo nimeukaza. Kilichobaki ni saa." Alifungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na betri ya duara, ndogo kama kifungo cha koti. "Betri kama hii ndiyo inayoishikia mashine tarehe umeme ukikatika. Iliyomo ndani imekufa. Kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, mashine inarudi kwenye siku ile iliyofungwa mara ya kwanza. Na siku hiyo babu alikuwa mzima."

"Basi ni lazima aje kazini," bibi alisema.

"Ni lazima."

"Na anawahi sana," meneja aliongeza. Alikuwa anamenya karanga na kuweka maganda kwenye kisahani. "Mimi sijalalamika. Geti linafunguliwa, gari zinaingia, gari zinatoka. Hata mlinzi mwingine sijatafuta. Nilichotaka ni kelele zikome tu."

Kioo cha kamera kilikuwa kimegawanywa picha nne. Ya pili ilionyesha geti. Mzee Saluti alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na ukuta, chupa ya chai miguuni, mgongo wima. Bibi alisogeza uso. Alimwona anavyokuna goti la kushoto, lile lililomsumbua siku za baridi, na akajikuta anakuna la kwake.

Kisha meneja akaingia kwenye picha. Alikuwa mwembamba kidogo kuliko huyu wa ofisini, na shati lake lilikuwa jipya. Alisema jambo. Mzee Saluti akainuka, akapiga saluti. Meneja akakibeba kiti na kuondoka nacho.

"Hiyo ndiyo siku tuliyofunga kamera," alisema meneja wa ofisini, bila kuacha karanga zake. "Kitu cha kwanza nilichoona kwenye kioo ni mlinzi ameketi. Nikasema hapana, mlinzi haketi. Akanielewa mara moja. Tangu siku hiyo hakuketi tena."

"Hata siku ya mwisho?"

"Hata siku hiyo, mama. Alikuwa na nidhamu sana."

"Lakini mlisema alikutwa amelala."

"Alikutwa chini." Meneja alifikiri kidogo, kwa haki kabisa. "Mtu akikutwa chini, utasemaje?"

Binti Waya aliinama akajifanya anasafisha vumbi la mashine, ili bibi asitazamwe usoni wakati ule. Bibi alishusha mkono wake ubavuni mwa kiti alichokalia, kama mtu anayetafuta mahali pa kushika, na vidole vyake vikagusa kamba. Ilikuwa imezungushwa kwenye mguu wa kiti, ikaishia kwa fundo nene lililokunjwa mara mbili. Hakuhitaji kuinama. Alilifunga fundo lile yeye mwenyewe, jikoni kwake, mguu ule ulipopasuka, kabla mume wake hajakipeleka kiti kazini.

Akasimama.

"Hiki ni kiti changu."

"Kimekaa hapa muda mrefu," meneja alisema. "Kimeshapigwa namba." Na kweli, chini ya kikalio palikuwa na namba ya rangi nyeupe, imeandikwa kwa mkono safi.

Bibi hakubishana. Alikibeba kiti kifuani kama anayebeba mtoto mkubwa, akatoka nacho juani hadi getini, akakiweka karibu na ukuta, kwenye alama za miguu yake ambazo zilikuwa bado ardhini. Alikipangusa kikalio kwa upindo wa nguo.

"Kaa, mzee wangu," alisema.

Ofisini Binti Waya aliangalia kioo. Bibi alionekana pale, amesimama. Mzee Saluti naye alionekana, amesimama. Kiti hakikuwepo. Siku ya mashine ilikuwa imeshaondolewa kiti, na cha leo haikukijua. Binti Waya aliinuka, akaenda dirishani, akamwambia bibi hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya mgonjwa.

Muda huo meneja alikuwa ametoka. Alimpita bibi, akamwomba radhi, akakibeba kiti kurudi ndani.

"Ni utaratibu tu, mama. Usiliweke moyoni."

Alikirudisha ukutani, pale pale kilipokuwa. Kisha akaenda kuhesabu magodoro.

Bibi alibaki getini. Juu ya ukuta mfupi palikuwa na chupa ya chai, na alipoigusa ilikuwa ya moto. Kifuniko chake kilijifungua, taratibu, kikajaa chai, kikamsogelea hadi mkononi. Ilikuwa na sukari nyingi kama anavyoipenda yeye, si kidogo kama anavyoipenda mume wake. Kumbe kila siku alikuwa anabeba chai ya kumngojea mkewe. Bibi alikunywa akiwa amesimama, kwa sababu mwenzake alikuwa amesimama.

Binti Waya alikuwa bado dirishani, betri mpya kati ya vidole viwili.

"Bibi, meneja hajarudi. Nikiibadilisha sasa hivi na kuweka tarehe ya leo, babu atapumzika. Ni kazi ya dakika chache. Niiweke?"

"Ngoja kwanza," bibi alisema. "Tumuulize mwenyewe."

Kamera ya pili ilikuwa na kipaza sauti kidogo, na spika ya mashine ilikuwa ofisini. Kwa hiyo bibi alimgeukia mume wake upande wa kulia, ilikotokea chai, na majibu yake yakawa yanatoka dirishani, nyuma yake.

"Mzee, umechoka?"

"Miguu tu," dirisha lilijibu, kwa sauti ile ile ya kukwaruza kidogo. "Na kile kigoti."

"Huyu mjukuu anaweza kukupumzisha leo. Ana kibetri hapa."

Lori lilikuja, mnyororo ukavutwa, geti likafunguka. Kwenye kioo Mzee Saluti alipiga saluti, akangoja lori lipite lote, akafunga, akarudi kusimama karibu na mkewe.

"Nikiondoka leo," alisema, "watasema tena nimelala."

Bibi aliinua macho kwa Binti Waya. Binti Waya aliitazama betri, akairudisha kwenye pakiti yake, na pakiti akaitia mfukoni. Kisha alifungasha bisibisi zake polepole, moja moja, kuwapa muda. Ndani, meneja alikuwa anahesabu kwa sauti, na kiti kilikuwa ukutani, namba yake chini.

Bibi alikunja vizuri upindo wa nguo yake. Alirudisha kifuniko mahali pake, akakikaza, akakikaza tena.

"Mchele wangu uko uani, kuku wataumaliza," alisema. "Naenda."

"Nenda salama." Halafu, alipokuwa ameshapiga hatua kadhaa, dirisha likasema tena, kwa haraka kidogo, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mkubwa wake. "Mama watoto. Kesho uje tena. Uniletee na ile sweta."