Mvua ya Chini ya Paa

Jumatatu saa tatu asubuhi mpasuaji mawe wa maabara alilibana jiwe la pangoni kwenye jiriwa, akawasha msumeno. Jiwe hilo lilikua kwa matone ya maji, tabaka moja kila mwaka, na kazi yake ilikuwa kulikata ili ijulikane mvua za kale zilikuwaje. Alipogusa tabaka la kwanza, mvua ya miaka elfu nane iliyopita ikamnyeshea mezani. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mawingu hayakushirikishwa. Akaenda kuchukua mwavuli.

Kufikia Jumatano alishazijua tabia za jiwe hilo. Akikata miaka ambayo dunia ilipoa, chumba kilikauka hadi gundi ya bahasha ikakataa kushika. Akikata miaka ya joto, ilinyesha kwa fujo. Joto lilipopanda ghafla, ukame na mafuriko vilipokezana bila hata salamu. Mfagizi alikuja kazini na mabuti ya mpira, akilalamikia matope tu.

Alhamisi alifikia tabaka lenye joto kama la mwaka huu. Maji yalitoka maabara, yakapita ukumbini, yakaingia kwa mkuu wa ofisi na kufunika mfano wa mbao wa nyumba mpya za bondeni, mapaa na yote. Mama yake mpasuaji alikuwa ahamie nyumba ya tatu kutoka mwisho. Mpasuaji aliogopa sana.

“Mkuu, usisaini kibali cha zile nyumba.”

“Dada, utaratibu unaujua,” mkuu alisema, akikamua soksi. “Mvua ni ile ya kwenye kipimo, kule uani. Ya chini ya paa ni bomba.”

Fundi bomba akaitwa. Alitazama dari kavu, akakaza koki isiyovuja, akaondoka.

Ijumaa mpasuaji alikileta kipimo maabara, akakata tena. Kilijaa kikafurika. Mkuu akakubali kuwa kimejaa, kisha akamwandikia onyo kwa kukihamisha bila ruhusa. Kalamu ikiwa bado mkononi, akasaini na kibali.

Jumamosi mama alihamia bondeni. Binti alimletea mabuti ya mpira.

“Ya nini, mwanangu, na jua lote hili?”

“Yaweke karibu na mlango, mama.”

Mama aliyajaribu, akasema yanambana vidole, akayaweka.

Uani kipimo kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Kilisoma sifuri, na sifuri ndiyo iliyoandikwa.