Manukato ya Kupima

Bi Polixeni hakuwa mtu wa kutoka bila manukato, hata kama safari yenyewe ilikuwa ya kutoka chumbani hadi kwenye kiti cha roshani. Miaka arobaini alijipulizia ya Paris, aina moja tu, na nusu ya mji wa Kavala, huko Ugiriki, ilimjua kwayo. Pensheni ilipokatwa na chupa ikakauka, Domna, aliyekuwa akimhudumia, alitafuta njia yake kwa siri. Aliitia chupa mkobani akaenda kwa Lazaros, muuza manukato ya kupima, yanayoiga ya kampuni kubwa kwa bei nafuu.

Kwa Lazaros hutaji jina la kampuni, unataja namba. Domna akataja thelathini na moja, inayoiga yale ya Paris, chupa ikajazwa kwa euro nane, akaonywa aiweke kabatini wiki nzima ili ukali wa spiriti upungue. Kisha Lazaros akamwongezea kichupa kidogo cha manukato yaleyale bure, kama anavyomfanyia kila mteja. Hicho Domna akakifanya chake, na kusema kweli kilimpendeza.

Mambo yakaenda hivyo miaka miwili. Chupa ikikaribia kuisha, Domna huijaza. Bi Polixeni hujipulizia shingoni, hufumba macho, basi.

Alhamisi Kuu, binti yake Iro akawasili kutoka Brussels kwa Pasaka. Alimkuta Domna jikoni akitia mayai rangi nyekundu, akainama kumbusu, akasita. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akarudi na ile chupa mkononi.

"Dada Domna, sikuja kugombana. Ila hayo unayonukia ni ya mama."

Domna akatazama vidole vyake vyekundu. Jibu alikuwa nalo, tena jepesi: ni ya kupima, kamuulize Lazaros. Lakini mlango wa roshani ulikuwa wazi na mama mtu anasikia. Akisema, atajisafisha yeye na kumwaibisha mzee aliyebakiwa na fahari hiyo moja. Asiposema, ni mwizi, na kazi imekwisha. Akachukua yai jingine, akalitia rangi.

"Ukinyamaza ndiyo umenijibu hivyo," Iro akasema.

"Nimempa mimi," sauti ikatoka roshani. "Humu ndani hakuna mwizi. Mwombe radhi."

Iro akaomba radhi shingo upande, akachukua mkoba kwenda kutafuta mkate mtamu wa Pasaka. Domna akaenda roshani. Alitaka kushukuru, akahofia shukrani zitazua maswali. Bi Polixeni akamshika mkono bila kujali ile rangi nyekundu.

"Yale ya Paris saa sita mchana yalikuwa yameshanikimbia," akasema. "Haya yananifikisha jioni. Ulidhani sijui?"

Domna akakaa. "Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulikuwa unanitazama nikijipulizia kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Ningekuvunjaje moyo?"

Domna akaanza kucheka, lakini mzee hakucheka naye. Aliubana ule mkono zaidi.

"Leo nimekusikia ukikubali kuitwa mwizi ndani ya nyumba yangu. Usirudie, Domna. Hakuna manukato yenye thamani hiyo, si haya, wala yale ya Paris."

Hapo Domna akalia, na hakuona haya kulia mbele yake.